Uji wa Baba Stella

Tusajigwe aliolewa akiwa bado msichana, akatoka kwao Ngana, kando ya mto Songwe, akaletwa Ikolo, huko huko Kyela. Na kwa miaka mingi baada ya hapo mumewe alikuwa kama mgeni wake. Anyelwisye alifanya kazi Mbeya, katika kiwanda cha umma kilichosaga na kuchanganya chakula cha mifugo. Alikuja na basi wakati wa Krismasi, akaja tena katikati ya mwaka kama ruhusa ilipatikana, akaleta sabuni na kanga na mkate wa mjini, akakaa siku zake, akaondoka. Shughuli zote za nyumbani zilibaki kwa mkewe: mpunga wa bondeni, migomba, miti ya kokoa aliyoiacha baba mkwe, na binti yao wa pekee, Stella. Watu waliisifu ndoa ile kwamba haina kelele. Tusajigwe mwenyewe alijua sababu. Hawakuwa wamegombana kwa kuwa hawakupata nafasi ya kugombana.

Kisha ikaja miaka ile ya serikali kujitoa katika biashara. Viwanda vingine vikauzwa, vingine vikafungwa, na neno "kupunguzwa", ambalo zamani lilihusu nywele na matawi ya miti, likaanza kuhusu watu. Anyelwisye alipunguzwa pamoja na wenzake. Akashuka kutoka Mbeya na godoro, sanduku la bati na koti zito ambalo kwa joto la Kyela halikuwa na kazi yoyote. Stella alikuwa shule ya bweni Tukuyu. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata walikaa wawili tu mezani, mume na mke, watu wazima wenye mvi za kwanza, na Tusajigwe akagundua kwamba hajui mume wake anapenda chai yenye sukari kiasi gani.

"Weka unavyoweka," alisema Anyelwisye.

"Mimi siweki kabisa."

"Basi na mimi leo siweki."

Akainywa chai ile hadi mwisho, uso umemkunjamana kama mtu anayekunywa kwinini.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Anyelwisye alikaa barazani akitazama njia. Aliingia jikoni kuuliza mambo yasiyomhusu, akatoka. Alikwenda kwenye migomba akakata mkungu ambao ulikuwa haujakomaa. Kaka yake mkubwa, Lazaro, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja, alimwambia waziwazi kwamba mwanamume aliyezoea mshahara akirudishwa kijijini huliwa na mawazo. Tusajigwe alikuwa karibu, anapepeta mchele. Aliyasikia maneno yale, na alishangaa kuona yamemuuma.

Kuku lilikuwa wazo la Anyelwisye. Hakuwataka wa kienyeji, wale wanaojitafutia wenyewe chini ya migomba. Alitaka kuku weupe wa mayai. Alisema mji wa Kyela unakua, migahawa ya Mbugani inahangaika na mayai, na pale mpakani Kasumulu watu wanaovuka kwenda na kurudi Malawi wangenunua mayai ya kuchemsha hata kama yangekuwa gunia zima. Akajenga banda la mianzi lenye paa la nyasi, akalitia sakafu ya saruji. Akapanda Mbeya, akarudi na vifaranga ndani ya maboksi yenye matundu, akayapakata njia nzima asimwachie utingo ayapandishe juu ya basi.

"Na hawa watakula nini?" Tusajigwe aliuliza. Vifaranga walikuwa wanalia kwa pamoja, sauti zao zimejaza nyumba.

"Sasa hapo ndipo penye kazi yangu," alisema Anyelwisye.

Akatandika turubai uwanjani. Akamwaga pumba laini za mchele alizozitoa kwenye mashine ya kukoboa, akamwaga mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti, usipa, dagaa wa ziwani, aliokuwa amewaanika na kuwatwanga. Akaongeza mifupa iliyochomwa na kusagwa, chokaa, chumvi. Alipinda mgongo, akageuza lile lundo kwa sepetu kutoka upande huu kwenda upande ule, bila haraka, na mkewe akasimama mlangoni akimtazama. Mtu yule wa barazani hakuwapo tena. Huyu alikuwa fundi. Tusajigwe aliwahi kumwona mumewe amevaa suti ya Krismasi, aliwahi kumwona amelala, aliwahi kumwona kanisani. Lakini akifanya kazi yake alikuwa hajamwona hata mara moja.

Mwishowe Anyelwisye akafungua pakiti ndogo ya unga wa njano iliyofifia. Ulikuwa na harufu kali ya kukaa puani, kama kopo la vidonge vya zamani.

"Hii ni nini?"

"Vitamini na madini. Kazini tulikuwa tunaita premiksi."

"Kidogo hivi kwa lundo lote hili?"

"Kidogo hivi hivi. Ila usiimwage hapo. Ukiimwaga, kuku mmoja atakula yote na wenzake hawataonja. Unaanza kuichanganya na kikombe cha pumba. Kile kikombe unakichanganya na ndoo. Ile ndoo ndiyo unaichanganya na lundo. Njoo, Mama Stella, lete mikono."

Akasogea. Wakapiga magoti pande mbili za turubai, mikono yao minne ndani ya pumba.

"Lakini usidanganyike," alisema Anyelwisye. "Kitu hiki chenyewe si chakula. Kuku ukimpa hiki peke yake atakufa na njaa. Kinakisaidia chakula kifanye kazi, basi."

Tangu hapo kuchanganya chakula cha kuku kukawa shughuli yao wawili. Kila gunia lilipokaribia kwisha walitandika turubai, na wakati mikono inafanya kazi midomo nayo haikukaa bure. Anyelwisye alisimulia asubuhi za baridi za Mbeya, jinsi wafanyakazi walivyokuwa wakitumbukiza mikono ndani ya chakula kilichotoka kusagwa ili wapate joto. Alisimulia habari za mbuzi wa meneja aliyeingia ghalani Jumapili, akakutwa Jumatatu amevimba kama pipa, ameegemea ukuta, hawezi kutoka wala kurudi. Aliigiza sura ya yule mbuzi. Tusajigwe alicheka hadi akashika mbavu kwa mikono iliyojaa pumba. Naye akamsimulia mwaka wa mafuriko, maji yalipoingia ndani ya nyumba na yeye akamlaza Stella juu ya meza, akasimama majini amemshika hadi kulipokucha.

Anyelwisye aliacha kuchanganya. "Mbona hukuniandikia?"

"Ungefanyaje? Ungekuja kuyanywa?"

Walicheka wote, lakini baadaye, akiwa anafunga gunia, Anyelwisye alisema polepole, "Ndaga, Mama Stella." Ni neno la Kinyakyusa la kushukuru, na alilisema kama mtu anayelipa kitu kilichochelewa.

Vifaranga wa pili waliingia masika. Mvua ya Kyela haina mzaha. Ilinyesha wiki nzima bila jua, na vifaranga wakashinda ndani. Pakiti ya vitamini safari hii ilinunuliwa dukani kwa Dickson, pale Mbugani. Dickson alikuwa mfanyabiashara mwema, mmoja wa wale waliofungua maduka ya pembejeo baada ya soko kuachiwa huru. Alinunua mfuko mkubwa, akaugawa katika vifuko vya nailoni, akavitundika dirishani wateja wavione. Hakuwa na habari kwamba mwanga na unyevu vinaua kilichomo. Siku chache baadaye vifaranga walianza kupiga magoti. Vidole vyao vilijikunja ndani kama ngumi ya mtoto mchanga, wakatambaa kwa vifundo, wakafika kwenye chakula wenzao wakiwa wameshamaliza.

Tusajigwe alikuwa wa kwanza kuwaona. Alidhani ni mkono wa mtu. Anyelwisye alimgeuza kifaranga mmoja, akamtazama miguu, akakinusa kifuko kilichobaki.

"Imekufa hii," alisema. "Haina nguvu yoyote."

Alipanda Mbeya kesho yake, akarudi na mfuko mpya ambao haujafunguliwa, pamoja na vitamini ya kutia kwenye maji ya kunywa. Wengine walikuwa wamechelewa, wakafa. Lakini wengi walinyanyuka. Tusajigwe alikuwepo bandani asubuhi kifaranga mmoja dhaifu, ambaye yeye alikuwa amekwisha kumkatia tamaa, alipojivuta, akakunjua vidole, akasimama, akayumba, akatembea hadi kwenye chombo cha chakula. Alitoka mbio kwenda kwa jirani yake Keziya, mkono umeshika mlango kabla hajabisha.

"Dada Keziya, wameamka! Walikuwa wanatambaa, sasa wanatembea!"

"Kwa dawa ipi?"

"Wala si dawa. Ni unga tu. Wa kuchanganya kwenye chakula."

Alilisema kama mtu aliyeona muujiza, na kwa moyo wake aliuamini.

Kuku wale walikua. Walipoanza kutaga, kiini cha yai kilikuwa na rangi nzito, na ganda lilikuwa gumu kiasi kwamba wanawake wa migahawani waliligonga mara mbili kwenye ukingo wa sufuria. Tusajigwe mwenyewe alipeleka mayai Mbugani, amefunga trei nyuma ya baiskeli. Watu wakaanza kumwita Mama Kuku. Lazaro naye akaacha maneno yake ya mawazo, akawa anatuma watoto wake kuomba mayai.

Ni wakati huo huo Anyelwisye alipoanza kunywa maji mezani.

Mwanzoni halikuwa jambo la kuonekana. Tonge moja, funda moja la maji. Alisema vumbi la usipa limemkaa kooni. Tusajigwe akamfunga kitambaa puani wakati wa kuchanganya. Kisha akaacha ugali, akasema umemchosha, anataka wali. Kisha wali nao akawa anautafuna muda mrefu, macho yakiwa ukutani, na mkewe akimtazama alijifanya anatazama kwingine. Siku moja alisimama ghafla, akatoka nje, na Tusajigwe alimkuta nyuma ya banda ameinama, tonge limegoma kushuka na limegoma kurudi.

"Baba Stella, hili si vumbi."

"Ni vumbi."

"Si vumbi."

Hapo walikaribia kugombana kwa mara ya kwanza. Lakini Anyelwisye aliufuta mdomo, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema kwa sauti ndogo, "Najua."

Hospitali ya wilaya iliwaandikia kwenda Mbeya. Daktari wa Mbeya alikuwa kijana mpole, na hakuwazungusha. Kulikuwa na uvimbe ndani ya koo, njia ya chakula. Ni saratani, na ilikuwa imeshatembea. Aliwaambia wampe vitu laini, uji, maziwa, mchuzi, na waende nyumbani wakiwa pamoja. Waliporudi kwenye basi Anyelwisye alikaa dirishani. Walipoteremka milima ya Tukuyu na joto la bondeni likaanza kuingia, alivua lile koti lake la zamani, ambalo alilivaa kwa ajili ya baridi ya Mbeya, akamlalia mkewe begani. Watu wa rika lao hawafanyi hivyo mbele za watu. Tusajigwe hakusogea hadi Kyela.

Aliendelea kuchanganya alipoweza. Sepetu lilipomshinda alikaa kwenye kigoda kando ya turubai, akaelekeza. "Geuza upande ule. Bado kuna weupe pale, chokaa haijaenea." Mwili wake ulikuwa unatoka taratibu. Mashavu yaliingia, mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Na pale pale mbele yake, kuku waling'ara. Walikimbilia chakula, wakapandana, wakakimeza bila kutazama, shingo zao nyeupe zinapanda na kushuka. Tusajigwe alikuwa amewapenda kuku wale. Sasa kuna saa alishindwa kuwatazama wanavyokula. Mara moja alimpiga mmoja teke. Kisha akamshika, akamrekebisha manyoya, akalia.

Kupika ikawa kumtengenezea uji tu. Alisaga mahindi laini, akachuja kwa kitambaa. Alitia karanga, akachuja tena. Alipiga mayai ya kuku wao wenyewe ndani ya uji wa moto hadi ukawa wa njano. Anyelwisye alikunywa kijiko kwa kijiko, akapumzika, akaendelea, kama mtu anayepanda mlima. Miguu yake ilianza kulegea. Asubuhi moja alishuka kitandani magoti yakamkatika, akapiga magoti sakafuni, ameshika ukingo wa godoro, vidole vimejikunja.

Tusajigwe alimwinua. Alikuwa mwepesi. Siku ile yote picha moja haikumtoka machoni: vifaranga wa masika, waliotambaa, kisha wakasimama.

Alasiri, mume wake akiwa amelala barazani kwenye mkeka, aliingia ghalani. Mfuko wa vitamini ulikuwa mahali pake, penye giza, umefungwa vizuri kama alivyofundishwa. Aliufungua. Alichukua kidogo sana kwa ncha ya kijiko. Akakichanganya kwanza na unga wa uji kwenye kikombe. Kikombe akakitia kwenye sufuria. Alikoroga muda mrefu. Aliongeza sukari nyingi kufunika harufu, akampelekea.

Anyelwisye alikaa, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Alilisogeza mdomoni. Akaishia hapo. Mtu aliyeishi na harufu ile zaidi ya nusu ya maisha yake, sukari isingemdanganya.

"Mama Stella."

"Abee."

"Umeweka kiasi gani?"

Tusajigwe aliona aibu hadi masikio yakamwaka. "Kidogo. Nilichanganya kwanza na kikombe."

Anyelwisye alilitazama bakuli. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mkewe alidhani analia, akapeleka mkono. Alikuwa anacheka.

"Sasa hii ni ya kuku wanaotaga," alisema. "Mimi ungenitafutia ya vifaranga. Nikianza kutaga hapa, Lazaro atasemaje?"

Naye akacheka, hakuweza kujizuia. Wakacheka wote wawili barazani mchana kweupe, hadi kikohozi kikamkamata Anyelwisye na kumtesa. Kilipomwachia, alilishika tena bakuli, akanywa. Alikunywa kijiko kwa kijiko, akipumzika, ukaisha wote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumaliza.

Ndipo Tusajigwe alipolia. "Wale walisimama," alisema. "Niliwaona kwa macho yangu. Walikuwa wanatambaa, wakasimama."

"Wale walikuwa wanakula, mke wangu." Hakuwa amemwita hivyo hapo kabla, siku zote alikuwa Mama Stella. "Unga huu humsaidia anayekula. Mimi mlango umefungwa. Si kosa lako, na si kosa la unga."

Aliweka bakuli chini. Akamwambia asiweke tena, kwa kuwa utawapungukia kuku. Kisha akasema ana hamu ya kusikia tena habari za mwaka wa mafuriko, na Tusajigwe akamsimulia upya tangu mvua ya kwanza, akaongeza mambo ambayo mara ya kwanza alikuwa ameyaruka.

Anyelwisye alikufa asubuhi, wakati kokoa zinaanikwa. Stella alikuwa amekuja likizo, na ndiye aliyeshika mkono mmoja. Tusajigwe alishika mwingine. Hakukuwa na maneno ya mwisho. Sauti yake ilikuwa imekwisha siku kadhaa kabla.

Msiba ulijaa. Watu walitoka Ikolo yote, wakatoka Ngana kwa kina Tusajigwe, wengine wakavuka mto kutoka upande wa Malawi. Tusajigwe aliketi ndani, chini, miguu imenyooshwa, amezungukwa na wanawake, kama desturi inavyotaka. Siku ya pili Lazaro aliinama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu; alikuwa amemlilia mdogo wake kwelikweli.

"Shemeji, watu ni wengi kuliko tulivyodhani. Ng'ombe mmoja amekwisha. Itabidi tuingie bandani."

Wanawake walimtazama Tusajigwe. Mfiwa hajadiliani na shemeji yake kuhusu chakula cha waombolezaji, tena mbele ya watu. Tusajigwe aliitikia kwa kichwa.

Kutoka pale alipokaa alisikia yote. Alisikia mlango wa mianzi ukivutwa. Alisikia kuku wakitulia, maana mlango ule siku zote uliwaletea chakula, kisha akasikia mbio, mabawa, vijana wakiitana, "Kamata yule, yule mnene!" Stella alimwekea kichwa mapajani. Tusajigwe alimziba mtoto wake masikio, yeye mwenyewe akabaki kusikiliza.

Jioni watu walisifu nyama. Mzee mmoja nje alisema kwamba marehemu alijua kulisha, mafuta haya hayajapata kuonekana Ikolo. Keziya alimletea Tusajigwe sahani, akaketi kando yake, akasema, "Kula, dada. Usipokula utaanguka."

Alidhani hataweza. Lakini alikula. Alifikiria kwamba kila kilichomo ndani ya nyama ile kilipita mikononi mwa mume wake na mikononi mwake, pumba, usipa, chokaa, na ule unga wa njano, na aliona kuiacha irudi jikoni ni kumwacha mtu njiani. Alitafuna kidogo kidogo, machozi yakishuka, hadi sahani ikabaki mifupa.

Watu walipotawanyika, siku nyingi baadaye, alikwenda bandani. Lazaro alikuwa amewaacha mitetea wadogo wa upande wa nyuma, ambao hawakuwa na nyama ya kutosha. Katika zile pilika hakuna aliyekumbuka kuwalisha vizuri. Walikuwa wamekonda, wamedonoana manyoya, baadhi wana vidonda mgongoni. Walimkimbilia, wakamzunguka miguu. Ghalani magunia yalikuwa tupu.

Siku ile ile aliomba pumba kwenye mashine, akatandika turubai. Alipinda mgongo, akaanza kugeuza. Kazi ilikwenda vizuri, mikono ilijua. Alipofika katikati alinyanyua uso na kuuliza kwa sauti, "Chumvi nimeshaweka?"

Kigoda kilikuwa kitupu kando ya turubai. Alisimama na sepetu mkononi. Alionja pumba kwa ncha ya ulimi. Chumvi ilikuwa haimo. Akaenda kuichukua.

Tusajigwe alifuga kuku kwa miaka mingi tangu hapo. Mwaka mmoja mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulimfagilia banda lote ndani ya wiki moja, akachoma mizoga, akanyunyiza chokaa, akaanza upya. Wanawake wa Ikolo na wa Ngana walikuja kumwomba awafundishe, na aliwafundisha, akiwagonga mikono wale waliotaka kumwaga vitamini moja kwa moja juu ya lundo. Dickson wa Mbugani alijenga kabati lenye mlango, akaacha kutundika vifuko dirishani. Baadaye chakula kilichokwisha kuchanganywa kikaanza kuletwa kwa malori kutoka mbali, kwenye mifuko yenye picha ya jogoo, na wengi wakaona hiki ni rahisi zaidi. Tusajigwe hakuwalaumu. Yeye aliendelea kutandika turubai.

Lakini kucheka vile hakucheka tena. Watu waliomfahamu walisema amekuwa mkimya. Keziya alijaribu mara kadhaa kumpeleka kwenye harusi, akaenda, akakaa pembeni, akarudi mapema kuwafungia kuku.

Stella aliolewa Karonga, ng'ambo ya mpaka, na mfanyabiashara wa nguo aitwaye Ezra. Alipopata mtoto wa kwanza alikuja kukaa kwa mama yake. Walikuwa uwanjani wakigeuza kokoa juani, mtoto amelala kivulini, Stella aliposema jambo ambalo bila shaka alikuwa nalo siku nyingi.

"Mama, huyu akikua ataniuliza habari za babu yake. Nitamwambia nini? Mimi namkumbuka anashuka kwenye basi na mkate. Halafu namkumbuka mgonjwa. Baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Tusajigwe aliendelea kugeuza kokoa kwa muda. Alifikiria Krismasi zote zile, suti, sabuni, kanga zilizokunjwa vizuri. Mwanamume mwenye adabu aliyekaa mezani kwake kama mgeni, naye akimhudumia kama mgeni.

"Alikuwa mcheshi," alisema. "Alikuwa mcheshi sana, Stella. Nilichelewa kumjua."

Mtoto akaamka, akaanza kulia, na Stella akaenda kumnyonyesha.